Shajara ya mradi: kubadili mwanga wa dashibodi ya Corolla 110 kutoka kijani kwenda rangi ya chungwa

Jumamosi, 3 Februari 2024. Hali ya kuanzia

Gari ni Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A na gia za mkono. Niliinunua kwa mjomba wangu alipoacha kuendesha usiku. Jana nilitoka nayo Segera saa mbili usiku kurudi Tanga. Nilipoingia Muheza mjini, kwenye vibao vya 50, spidomita haikusomeka. Globu mbili za upande ule zimeungua, na zilizobaki zinatoa kijani kilichochoka, hafifu kiasi kwamba mshale unauona lakini namba huzioni. Ikabidi niwashe simu niimulike dashibodi, mkono mmoja kwenye usukani, na malori yananijia kwa mbele. Nilipofika nyumbani nikaona kazi hii haingoji tena.

Kununua globu za kawaida na kuzibadili ni kazi ya nusu saa. Lakini maadamu dashibodi itafunguliwa, nataka nibadili na rangi ya mwanga, na nataka rangi itakayosomeka usiku kwa macho yangu na kwa macho ya mtu mzima kama mjomba. Naandika kila hatua kwa sababu nilipotafuta maelezo kwa Kiswahili nilikuta picha za kazi iliyokwisha tu. Dashibodi inang'aa, lakini hakuna anayesema aliharibu nini mpaka akafika hapo.

Jumapili, 4 Februari. Kufungua

Kufungua ni rahisi, sitalirefusha. Nilitoa waya wa hasi wa betri nikasubiri dakika kadhaa. Gari yenye mfuko wa hewa kwenye usukani, Toyota wenyewe wanataka usubiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa nyaya. Nikashusha usukani hadi mwisho. Fremu nyeusi inayozunguka geji ina skrubu mbili kwa juu, kisha inashikwa na klipu. Usiiondoe kwa bisibisi, itaacha makovu. Mimi nilitumia mpini wa mswaki. Kasha lenyewe la geji lina skrubu nne, na nyuma yake plagi zinazotoka kwa kubonyeza ulimi wa plastiki. Kabla ya kuchomoa chochote nilipiga picha ya odomita, ili siku nikiiuza gari mtu aone kilomita hazikuguswa.

Mgongo wa kasha umefunikwa na karatasi ngumu ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba, na globu zimekaa kwenye soketi ndogo zinazofunguka kwa robo mzunguko. Kwangu nimehesabu 4 kubwa za aina ya T10, hizo ndizo zinazoangaza namba. Zile ndogo za T5 ni za alama: betri, oili, handibreki, indiketa, ful laiti.

Nilitarajia nikute globu za kijani. Nilipoitoa ya kwanza, kioo chake kilikuwa cheupe kabisa. Kijani hakiko kwenye globu. Nilifungua kioo cha mbele, nikaliinamisha kasha juani na kuchungulia kwa pembeni: ile sahani yenye namba, ukiitazama kwa mbele namba ni nyeupe, lakini kwa nyuma imepigwa rangi ya kijani, na mwanga wa globu lazima upite humo. Kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha unajua kijani cha gari yako kinatoka wapi. Zipo gari ambazo rangi iko kwenye kofia ya mpira iliyovishwa globu, ukiivua umemaliza. Zipo ambazo rangi iko kwenye sahani, kama hii. Rangi ya sahani hupitisha mwanga unaofanana nayo na kuuzuia mwingine, kwa hiyo ukiweka LED nyekundu nyuma ya sahani ya kijani utapata karibu giza.

Hilo la mwisho nililielewa vizuri. Hata hivyo wiki iliyofuata nilifanya kosa la namna hiyohiyo.

Jumamosi, 10 Februari. Bluu

Duka la spea nililokwenda lilikuwa na LED za T10 nyeupe na bluu tu. Nikachukua bluu nne kwa shilingi 1,500 moja. Tangu nikiwa shule nilizipenda zile Golf za kizazi cha 4, dashibodi ya bluu na mishale myekundu, na nilijiambia kijani na bluu ni ndugu, sahani itaupitisha tu.

Kabla ya rangi, mambo mawili ya ufungaji. Kwanza, LED ina chanya na hasi, si kama globu ya waya. Mbili kati ya nne hazikuwaka kabisa mpaka nilipozitoa, nikazigeuza na kuzirudisha. Zijaribu zote kabla ya kufunga kasha. Pili, miguu ya LED za bei hii ni nyaya nyembamba kuliko za globu ya asili, kwa hiyo inacheza ndani ya soketi. Moja ilikuwa ikizimika kila nilipopita kwenye tuta. Dawa yake ni kuukunja mguu uwe na kigongo kidogo kinachobana shaba.

Rangi iliyotoka haikuwa bluu ya Golf. Ilikuwa kama rangi ya bahari kina kifupi, kali katikati na giza pembeni. Kwenye kibanda cha gari, mlango umefungwa, ilipendeza sana.

Siku hiyohiyo nikapitiliza. Nilinunua LED tatu za T5 nikaziweka kwenye alama ya betri, ya oili na ya handibreki. Nilipowasha gari, alama ya betri ikawa inapepesa. Nikapima betri kwa mita: volti 12.3 injini ikiwa inanguruma polepole, ikapanda hadi 14.1 pale tu nilipokanyaga mafuta. Nikampigia fundi umeme wangu. Hakuniuliza maswali mengi.

"Umeweka LED kwenye taa ya chaji?"

"Ndiyo, fundi."

"Irudishe ya zamani sasa hivi. Alternata, ile inayochaji betri, inaamshwa na umeme unaopita kwenye hiyo globu. LED inapitisha kidogo mno."

Nikairudisha, volti 14.1 mara tu injini ilipowaka. Alternata nyingi za zamani ziko hivyo. Tangu hapo alama zote za tahadhari nimeziacha na globu zao za asili na rangi zao. Nyekundu ni hatari, njano ni angalizo, kijani ni kitu kinachofanya kazi, bluu ni ful laiti. Hiyo ni lugha ambayo kila dereva anaijua, na mtu mwingine akiendesha gari yangu asikute nimeibadili.

Alhamisi, 15 Februari. Bluu barabarani

Nilimchukua mjomba jioni tukaenda Muheza na kurudi usiku. Ana miaka 68, anavaa miwani ya kuonea mbali. Nilimwomba kila baada ya muda anisomee kasi kutoka kiti cha pembeni.

Kwenda, jua bado halijazama sawasawa, alisoma bila shida. Kurudi, giza limeshika, akawa anakosea 60 na 80. Mimi mwenyewe nilikuwa naona kingo za namba zimevimba, kama zimeandikwa kwa wino kwenye karatasi yenye unyevu. Na kila lori lilipopita na taa zake, nikirudisha macho kwenye dashibodi ile bluu ilinichoma, nikiyarudisha barabarani nilihitaji muda kabla ya kuuona ukingo wa lami.

Pale daraja la kwanza la kuingia mjini mjomba akasema: "Mjomba, taa hii nzuri kuitazama. Mimi ningetaka ya kusomea."

Nilikwenda kuisoma sababu yake. Lenzi ya jicho hupinda mwanga wa bluu zaidi ya rangi nyingine, kwa hiyo taswira yake hutua kabla ya kufika kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Mchana mboni ni ndogo na kasoro hiyo haionekani sana, usiku mboni inapanuka na kasoro inakua nayo. Tena zile seli za jicho zinazoona gizani huathiriwa sana na bluu na kijani-bluu, na kidogo tu na mwanga wa kuelekea nyekundu. Ukikaa na bluu mbele yako, unalinyima jicho giza lake. Ndiyo maana BMW kwa miaka mingi waliwasha geji zao kwa rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu.

Basi nimeamua rangi ya chungwa. Nyekundu kamili nimeikataa kwa sababu alama za hatari nazo ni nyekundu, zingezama humo. Chungwa nayo inakaribiana na ile njano ya taa ya injini, na hili nimeliweka akilini: mwanga wa geji lazima uwe mdogo kuliko mwanga wa alama, ili taa ya injini ikiwaka ionekane imewaka.

LED za chungwa za T10 zinapatikana kirahisi, ndizo wanazotumia kwenye indiketa za ubavuni. Nimechukua sita, nne za kazi na mbili za akiba, 2,000 kila moja. Safari hii nimechagua zenye vipande vya mwanga kuzunguka pande zote badala ya kile kimoja cha mbele. Nimejaribu moja nyuma ya sahani ya kijani: inatoka njano-kijani iliyofifia. Kijani cha sahani lazima kiondoke.

Jumamosi, 24 Februari. Siku ya hasara

Ili kuufikia mgongo wa sahani, mishale lazima ing'oke. Nilitumia vijiko viwili vya chai, kimoja kila upande wa kitovu cha mshale, na kitambaa chini yake kulinda sahani, nikainua taratibu mpaka ukachomoka. Mishale yote minne ilitoka salama. Sikuweka alama ya mahali ilipokuwa imelala. Hilo limenigharimu wikiendi mbili, nitalieleza likifika.

Sahani ikiwa mkononi, niliipindua. Rangi ya kijani imepakwa nyuma ya namba tu, juu ya weusi unaozizunguka. Nilijaribu spiriti kwenye kona isiyoonekana, pamba ikatoka safi, hakuna kilichotokea. Nikasugua sekunde chache zaidi, bado. Hapo nikakosa subira. Nikachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, nikagusa nyuma ya geji ya temperecha.

Kijani kiliondoka mara moja, na weusi ukaenda nacho. Kisha plastiki yenyewe, iliyokuwa angavu kama kioo, ikaanza kuwa nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Nilifuta haraka kwa maji, lakini asetoni ikishakula plastiki hii hairudi. Sehemu ya ukubwa wa ukucha, kando ya herufi ya H, imebaki na ukungu, na weusi ukiwa umetoboka, mwanga ungemwagika pale kama tundu la ufunguo.

Nilizunguka gereji za Ngamiani kutafuta sahani nyingine. Nikapata kasha bovu la Corolla 110 kwa shilingi 20,000. Kufika nyumbani nikaona ni la gari ya otomatiki, mpangilio wa sahani yake si huu wangu. Hesabu vizuri kabla ya kulipa: beba kasha lako mkononi ulilinganishe palepale.

Jumamosi, 2 Machi. Kuondoa kijani

Lile kasha bovu limekuwa daftari la mazoezi, na nadhani ndilo lililookoa kazi yote. Nililijaribia kila kitu. Thina: inakula plastiki kama asetoni. Petroli: inapaka mafuta tu. Msasa: unachora mistari inayoonekana kwa mbele taa ikiwaka. Kilichofanya kazi ni spiriti ileile niliyoiona haifai. Kosa langu lilikuwa muda.

Njia ni hii. Lowesha kipande cha pamba kwa spiriti, kilaze juu ya kijani, kiache dakika tano bila kusugua. Ongeza spiriti pamba ikianza kukauka. Rangi inalainika iwe kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hapo chukua kijiti cha meno, kata ncha yake iwe bapa, usukume utando huo kutoka katikati ya namba kuelekea nje. Usikwangue. Ukiona unatumia nguvu, rudisha pamba usubiri tena. Weusi wa kingo za namba umekaa imara zaidi kuliko kijani, lakini nao ukiuchokoza unaachia.

Namba kubwa za spidomita zilinichukua saa moja na nusu. Mistari midogo ya katikati, ile ya kila kilomita 10, ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu upana wake ni kama punje ya mchele. Kazi yote, tangu baada ya adhuhuri hadi magharibi. Nilipoiinua sahani dhidi ya dirisha, jua la jioni likapita kwenye namba zote likiwa jeupe. Nilikaa nalo kidogo pale dirishani.

Lile tundu la asetoni nimeliziba kwa nyuma kwa mkanda mweusi wa umeme, tabaka mbili, nikiukata kwa wembe kufuata ukingo wa herufi. Kalamu nyeusi nilijaribu kwanza, haizuii mwanga, inaugeuza zambarau. Rangi ya kucha nyeusi nimeiepuka kwa sababu na yenyewe ina vimiminika vinavyoweza kuila plastiki.

Jumapili, 3 Machi. Kurudisha mishale

Spidomita na geji ya mizunguko ya injini niliirudisha mishale kwa kukisia, ikiwa imeegemea kwenye vile vijiti vidogo vinavyouzuia mshale kwenye sifuri. Ya mafuta niliiweka kwenye E, kwa kuwa gari ilikuwa imezimwa. Nikafunga kila kitu, nikawasha funguo. Mshale wa mafuta ukapanda kidogo tu, ukasimama karibu na robo. Nilijua tangi lina zaidi ya nusu.

Geji ya mafuta ya gari hii haianguki ukizima. Inabaki palepale ilipokuwa. Kwa hiyo kuzima funguo hakukumaanisha sifuri, na mimi nimeuweka mshale kwenye E huku mhimili wake ukiwa bado unasema nusu.

Spidomita nayo: GPS ya simu ikiwa 60, mshale ulisema 72.

Jumamosi, 9 Machi. Madoa ya mwanga, na taa za nyuma zilizozimika

Rangi imetoka kama nilivyotaka, karibu na ganda la chungwa la Muheza lililoiva. Lakini hata LED zenye mwanga pande zote hazisambazi kama globu ya waya. Kati ya 80 na 100 kuna doa kali, na 0 mpaka 20 iko kivulini. Nilisugua vichwa vya LED kwa msasa laini, namba 400, mpaka vikawa na ukungu, ikasaidia nusu. Nusu iliyobaki imemalizwa na karatasi ya kuchorea ramani, ile inayopitisha mwanga, kipande kimoja nimekilaza ndani ya kasha nyuma ya sahani. Hii fanya kwa LED tu. Globu ya waya ina joto, itaiunguza.

Wakati wa majaribio nilikuwa nikiwasha taa ndogo huku kasha likining'inia kwenye nyaya zake. Waya mmoja niliouvua ganda ili nipime volti uligusa chuma cha chini ya dashibodi. Cheche moja, dashibodi ikazima. Nilidhani LED zimekufa. Nilizitoa zote nne, nikazijaribu kwenye betri, nzima. Mwanangu aliyekuwa nje ndiye aliyeniambia: "Baba, na taa za nyuma zimezima."

Kwangu dashibodi na taa ndogo za nyuma zinakula kwenye fyuzi moja, iliyoandikwa TAIL. Ningeweza kurudi barabarani na dashibodi ya giza nikijua tatizo ni LED, kumbe lori nyuma yangu halinioni. Tangu siku hiyo kila nikifungua dashibodi nazunguka gari yote kabla ya kuondoka: mbele, nyuma, taa ya namba. Fyuzi tatu za ukubwa uleule, 1,500. Usiweke kubwa zaidi.

Jumapili, 17 Machi. Kupunguza mwanga

Ramadhani imeanza, kwa hiyo nafanya kazi baada ya futari, na kwa kweli giza ndilo wakati sahihi wa kazi hii. Mchana unadanganya.

Chungwa ilikuwa kali mno. Gurudumu dogo la kupunguza mwanga halikusaidia: ukilizungusha hakuna kinachobadilika, halafu ghafla zote zinazimika. Nilipima. Gurudumu linashusha volti kutoka 12.1 hadi 5.4. Globu ya waya kwa volti 5.4 bado inatoa mwanga hafifu. Ndani ya LED hizi kuna vipande vitatu vilivyofuatana kwenye mstari mmoja, kila kimoja kinataka takriban volti 2, kwa hiyo chini ya 6 hakuna kitu.

Nikaamua kupunguza kwa rezista, kile kipande kidogo kinachobana umeme unaopita, moja kwa kila LED. LED moja ilikuwa inakula miliampia 20 kwenye volti 12. Nilijaribu rezista ya omu 220, bado kali. Omu 1,000, hafifu, mjomba asingeona. Omu 470 ikashusha hadi karibu miliampia 8, na hapo taa ya injini nilipoiwasha kwa funguo ilijitenga wazi na mwanga wa geji. Nimebaki na 470 ya robo wati. Haipati moto hata kidogo.

Ndani ya soketi hakuna nafasi ya kuweka rezista na waya wake. Nilichofanya ni kung'oa mguu mmoja wa LED na kuuchomelea mguu wa rezista mahali pake kwa risasi, rezista yenyewe ikabaki ubavuni mwa LED juu ya soketi. Sehemu iliyochomelewa nimeifunika kwa kimpira cha kubana kwa moto. Gurudumu bado linazima ghafla likifika chini, lakini sasa sina haja ya kulishusha.

Shilingi 2,000 za rezista kumi, 2,000 za risasi. Usiku huo nilimaliza karibu na daku.

Jumapili, 24 Machi. Mishale imekaa

Mafuta: nilijaza tangi mpaka pampu ikakata, nikarudi nyumbani, kilomita mbili, nikafungua kasha, nikawasha funguo nikangoja dakika mbili mshale utulie, ndipo nikauchomoa na kuukaza kwenye F. Ungekuwa na alama ya kuanzia usingefanya haya yote.

Spidomita: sikutaka mtu acheze na mshale gari ikitembea. Nilikwenda kwa GPS 60 kwenye kipande kilichonyooka, nikasoma tofauti, nikasimama, nikasogeza mshale, nikarudia. Mara tatu. Fundi alikuja na kunionyesha namna ya kuukaza kwa kidole gumba bila kuuzungusha mhimili, na akanikagulia nyaya zote, 15,000. Sasa GPS 60 inasomeka 62, na 100 inasomeka 103. Nimeiacha hapo. Kanuni za kimataifa za spidomita zinaruhusu kuzidisha kidogo, haziruhusu kupunguza, na mimi naona hiyo ni haki kwa anayevuka barabara.

Jumamosi, 13 Aprili. Baada ya Idi

Jana tulirudi kutoka Chalinze usiku, mimi, mjomba na watoto wamelala nyuma. Mvua ya masika kuanzia Mkata hadi karibu na Kabuku, vioo vinashika ukungu, taa za mabasi zinapasuka kwenye maji. Dashibodi ilikaa chini ya macho yangu, haikunivuta wala haikunificha kitu. Nilipoingia kwenye kijiji chenye kibao cha 50, kabla sijatazama, mjomba alisema kutoka kitini kwake, "Hamsini na mbili, mjomba, punguza." Sikuwa nimemwomba asome.

Hesabu ya pesa: LED za chungwa 12,000; spiriti, pamba na msasa 5,000; rezista na risasi 4,000; globu mbili za asili za alama, moja iliyoungua na moja niliyoipoteza, 2,000; fundi 15,000. Hizo 38,000 ndizo za kazi yenyewe. Makosa yamekula 30,500: bluu 6,000, LED za T5 3,000, fyuzi 1,500, na kasha bovu 20,000. Lile kasha sijui kama niliite hasara, maana bila lile ningeiharibu sahani yote.

Jumla 68,500, bila mafuta ya safari za majaribio.

Ule ukungu wa asetoni kando ya H unaonekana bado mchana, ukijua pa kutazama. Swichi za kiyoyozi na saa bado ni za kijani. Za kiyoyozi nimezichungulia, nazo rangi iko kwenye plastiki yake, lakini ni nene zaidi na nafasi ni finyu. Nitazifungua mvua zikipungua, na safari hii nitaweka alama kabla ya kugusa chochote.